Kofia za Udongo

Hapo zamani, kabla ushuru haujajua njia ya kila nyumba, palikuwa na nchi iitwayo Udongoni. Biashara yake ilikuwa moja tu: vyungu. Ng'ambo ya lango la nchi waliishi watu wenye mchele tele, lakini ardhi yao ilikuwa mchanga mtupu usiofinyangika hata kikombe. Basi wanawake wa Udongoni walijitwika vyungu kichwani, wakapita langoni, wakarudi na mchele mgongoni. Hawa wakala wali, wale wakapata cha kupikia, na mambo yakaenda hivyo kizazi baada ya kizazi.

Katika nchi hiyo aliishi mfinyanzi, Bi Mboja, pamoja na mumewe Vuai na mama mkwe wake Bi Kidawa. Bi Mboja alikuwa na mikono hodari na shida moja kubwa. Shimo la udongo la ukoo wao lilikwisha, naye, kwa kukosa pengine, akaanza kuchimba ndani ya nyumba. Alichimba jikoni, akachimba ukumbini, akafika chumbani. Kitanda kikashuka kidogo kidogo, mpaka mbuzi akipita nje akawa anawachungulia kwa juu. Bi Mboja hakucheka. Aliogopa kweli kwamba siku moja kuta zitawaangukia.

Sultani naye alikuwa na shida yake: paa la kasri lilivuja. Akatafuta fedha ya kulitengeneza, akatazama barabarani, akaona vichwa vimebeba vitu. Akatoa amri: kila mzigo utakaopita langoni kichwani mwa mtu, nusu yake ni ushuru.

Watu wa Udongoni hawakugoma. Walikuwa watiifu kupita kiasi, na utiifu huo ndio uliowaponza. Amri imetaja kichwa, basi wakaacha kutumia kichwa. Wakavikumbatia vyungu kifuani, wakavibeba mgongoni kama watoto, wakaviviringisha barabarani huku wakivikimbiza. Lakini mtu aliyejitwika chungu tangu utotoni hajui kukibeba vinginevyo. Ng'ambo vikafika vigae. Wale wa ng'ambo wakajaribu kupikia vigae, wakaungua vidole, wakafunga maghala yao. Udongoni mchele ukaadimika. Watoto wakaulilia wali, na Sultani mwenyewe akaandaliwa pilau ya muhogo, akaila amefumba macho.

Angeifuta amri yake, ila aliona haya kurudi nyuma mbele ya watu. Akatangaza kwamba atakayerudisha wali sinia kwa sinia bila kuigusa amri atapewa shimo la Kilimani, lenye udongo mwekundu laini usiokwisha, yeye na uzao wake. Bi Mboja alizisikia habari hizo akiwa amekaa kitandani, kule chini, na akalitamani shimo lile mpaka machozi yakamlengalenga.

Siku ya pili mvua ikanyesha. Bi Kidawa alikuwa akienda kumtazama dada yake ng'ambo, na alikuwa ndiyo kwanza amesukwa nywele. Akachukua chungu cha mkwewe, akakigeuza juu chini, akakivaa hadi puani. Akaenda akipapasa, mwanawe Vuai kamshika mkono. Langoni bawabu, jina lake Msellem, akawasimamisha na kudai ushuru. Bi Kidawa hakujibu, maana ndani ya chungu hakusikia kitu. Akajibu Vuai, ambaye alikuwa mtu wa maneno tangu azaliwe, wala kazi nyingine hakuwa nayo.

"Bwana Msellem, mzigo na vazi ni kitu kimoja?" aliuliza.

"Hapana," akasema bawabu.

"Basi mama amevaa. Nawe umevaa kofia. Hiyo kofia umeilipia ushuru?"

Msellem akaivua kofia yake, akaitazama ndani na nje, akairudisha kichwani haraka, akafungua lango.

Kufika kwa dada, kumbe chungu kimemkwama bibi. Vuai akamrudisha nyumbani akiwa nacho. Bi Mboja akampaka mafuta ya nazi, akakizungusha na kukivuta mpaka kikatoka, na baadhi ya zile nywele kikaondoka nazo. Lakini Vuai alikwishamsimulia ya langoni, na Bi Mboja alikwishaona njia. Hata mafuta hakuyafuta mikononi. Akazunguka mtaa mzima akipima vichwa vya watu kwa kamba. Akafinyanga vyungu vyepesi, vyenye ukingo, kila kimoja kwa kichwa chake. Mwenye kichwa kidogo alivaa kimoja. Mwenye kichwa kikubwa akavaa viwili na kuonekana mtu wa heshima.

Nchi nzima ikatoka langoni imevaa kofia za udongo, ikarudi vichwa wazi, mchele mgongoni. Msellem aliziona kofia zikitoka, akaviona vichwa vikirudi vitupu, akawa anaitikia salamu tu.

Sultani alikula wali, akashiba, akawaita wote barazani.

Bi Kidawa akasema shimo ni lake, kwani ndiye aliyevaa wa kwanza, na nywele zake ni ushahidi. Vuai akasema bila maneno yake mama angerudishwa langoni na chungu chake. Msellem naye akasogea mbele. "Maulana, hawa walifanya. Mimi niliona, nikanyamaza. Ningesema neno moja, leo unakula muhogo."

Bi Mboja alijua linalomngoja. Shimo likienda kwa mama mkwe, kila donge la udongo ataliomba kwa magoti. Likienda kwa Vuai, ameshaanza kusema shimo kubwa hivyo linataka mke wa pili.

"Maulana," akasema, "chungu cha mama kilikwama. Kwa maneno ya mume wangu haikuiva hata punje moja. Bawabu hakufanya kitu, na mwenyewe amekiri. Mimi ndiye niliyefinyanga kinachovalika na kupikika. Nisipopata udongo, kesho hakuna kofia."

Sultani akakohoa. "Na mimi je? Nisingetoza ushuru, nani kati yenu angeifikiria kofia?"

Akasema atalipima jambo hilo. Analipima mpaka leo, chini ya paa lile lile linalovuja, naye amevaa chungu. Nako nyumbani Bi Mboja anachimba chini ya kitanda, maana watu wanazidi kuagiza kofia, na ukuta wa chumbani umeanza kuinama. Basi semeni upesi, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza: shimo la Kilimani lilikuwa haki ya nani?