Rimu ya Kuponea

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye simu aizime, maana hadithi hii ikishashika mwendo haina breki. Na mwisho wake mtanikasirikia, najua. Kila ninapoisimulia watu huondoka wamenuniana.

Chini ya milima ya Upare kulikuwa na shamba la mkonge lililokufa siku nyingi. Watu wa huko wakalisawazisha, wakachonga njia ya vumbi yenye kona za kila namna, wakaanza kushindana kwa magari. Hapo ndipo aling'ara Namkunda, dereva mwenye mkono mwepesi na moyo usiojua kuogopa. Alipendwa na watu wawili na kuchukiwa na mmoja, na wote watatu nawaleta kwenu.

Wa kwanza ni mumewe, Shekiondo, fundi redio. Huyu alijaliwa masikio. Redio ikikoroma alikuambia waya upi umelegea kabla hajashika bisibisi, na gari la mkewe alilijua kwa mlio kama mnavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwenu.

Wa pili ni mama yake Namkunda, Bi Nakiete, mfinyanzi. Huyu alijaliwa kuzijua nyufa. Alikuwa akigonga chungu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anapapasa, kisha anasema, "Hiki sokoni kitafika, jikoni hakitafika." Na kweli hakikufika.

Wa tatu ni Mwantumu, dereva, na ndiye aliyemchukia. Yeye na Namkunda walikuwa hawasalimiani tangu msimu uliopita kwa sababu ya kona moja ambayo kila mmoja alidai ni yake. Lakini mguu wake kwenye breki, jamani! Aliweza kuweka beseni la maji kwenye kiti, akalikimbiza gari, akalisimamisha, na kiti kikabaki kikavu.

Sasa jueni na desturi ya kiwanja kile, maana ndiyo itakayotutesa. Dereva akiponea chupuchupu, kile chuma kilichotaka kumuua humpa mtu aliyemwokoa. Aliyepewa hukitundika mlangoni kwake. Tangu siku hiyo dereva haingii tena kwenye mbio mpaka apige hodi kwenye mlango ule na mwenyewe amwambie, "Nenda." Akiambiwa "Kaa," anakaa, hata kama gari limeshajazwa mafuta. Hakuna aliyewahi kuivunja desturi hiyo, na wala sidhani atatokea.

Haya. Siku ya mbio Namkunda alitangulia mbele ya wote. Gari lake la bluu lilikuwa limepambwa kama bi harusi, rimu za magurudumu zimepakwa rangi ya fedha zikimeta kwenye jua. Mumewe na mama yake walisimama kwenye uzio, chupa ya chai katikati yao. Pembeni yao Mwantumu alikuwa ameegesha gari lake jekundu. Tairi lake lilipasuka mapema, akatolewa mashindanoni, na ingawa alishalibadilisha, alibaki pale akitazama kwa uchungu.

Namkunda alipoingia kona ya tangi la maji, Shekiondo aliteremsha kikombe.

"Umesikia, mama?"

"Nasikia makelele tu, mwanangu. Kwani hapa kuna kingine?"

"Tik. Kama mtu anavunja njiti ya kiberiti."

Gari likazunguka, likarudi kwenye tangi. Shekiondo akafumba macho. Tik. Safari hii ilikuwa nene zaidi, na ilitoka gurudumu la mbele kushoto, pale gari lilipolalia upande huo. Alijua kuna kitu kibaya, hakujua ni nini, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Katika vumbi lote lile na ngurumo zote zile, ni masikio yake peke yake yaliyoipata sauti ile. Hilo lishikeni.

Bi Nakiete naye akaanza kuuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Inakua, au ni ileile?"

"Inakua."

"Rimu zile ni za mtumba. Wakati unazipaka rangi, hiyo ya mbele kushoto ilikuwaje?"

"Ilikuwa na mstari mwembamba, mama. Nikadhani ni mkwaruzo."

"Ulianzia wapi?"

"Kwenye tundu la nati. Ukaenda mpaka ukingoni."

"Uliisugua kwanza?"

"Sikuisugua. Nilitaka gari lipendeze, muda ulikuwa mdogo, nikapaka juu yake."

Mama mtu hakumtukana. Alichora mstari ule hewani kwa kidole, polepole. "Huo ni ufa, Shekiondo. Ufa unaotoka tunduni kwenda ukingoni haurudi nyuma. Unakimbia, na ukifika chombo kinagawanyika."

Nyuma ya kona ya tangi zilisimama nguzo za saruji ambako zamani walianika mkonge. Rimu ikigawanyika pale, gari litaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Wote wawili walizitazama.

"Namkimbilia mwenye bendera!" Shekiondo akasema.

Bi Nakiete akamshika shati. "Akiona bendera nyekundu atafanya nini?"

"Atakanyaga breki."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zote."

"Umebeba chungu chenye ufa, kimejaa uji wa moto. Utakitua kwa kishindo? Kitapasuka papo hapo! Mtoto wangu ashushwe taratibu, asigeuzwe ghafla, asishtuliwe. Baba yake mzazi nililetewa kwenye turubai kwa sababu ya gurudumu. Huyu silikunjui turubai lake."

Kama si Bi Nakiete, Shekiondo angekimbilia bendera, na bendera ingemuua Namkunda. Hilo nalo lishikeni.

Mwantumu alikuwa amesikia yote. Akawasogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, washa gari!"

Mnacheka? Wao hawakucheka. Mwantumu aliijua sheria: aliyetolewa akirudi njiani wakati wa mbio, anafungiwa msimu mzima. Aliijua na nguvu ya gari linalokuja nyuma yako kwa kasi ile. Alifunga mkanda, akapenya kwenye mwanya wa uzio, akaingia njiani mbele ya Namkunda.

Namkunda alipoliona gari jekundu mbele yake, alipandwa na hasira. Huyu ametolewa, sasa anakuja kunikomoa! Akapiga honi. Akavuta kulia, Mwantumu akavuta kulia. Akavuta kushoto, Mwantumu naye akamziba. Mkono wa Mwantumu ulitoka dirishani, kiganja chini, ukishuka na kupanda kama anayembembeleza mtoto alale. Namkunda hakuelewa. Akamgonga kwa nyuma.

Mwantumu hakukimbia. Alipokea kile kishindo, akaliacha gari la bluu lijiegemeze kwenye bampa lake, kisha akaanza kukanyaga breki kwa mguu ule niliowaambia. Magari mawili yaliyoshikana yakapungua mwendo, yakapungua, yakapungua. Kwenye uzio Bi Nakiete aliziba macho na kumuuliza mkwewe, "Yamefika wapi? Niambie, yamefika wapi?" Yakasimama hatua chache kabla ya kona ya tangi, bila hata kuyumba.

Namkunda aliruka nje, ngumi juu. "Mwantumu! Una wazimu?"

"Tazama gurudumu lako," Mwantumu akasema. Damu ilikuwa ikimtoka mdomoni alipojigonga kwenye usukani.

Walipolifungua, kipande cha rimu, kikubwa kama nusu chapati, kilidondoka chenyewe miguuni kwa Namkunda. Hakuna aliyekigusa. Namkunda akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto.

Waamuzi hawakulegeza sheria. Mwantumu akafungiwa msimu mzima, na machozi hayakusaidia.

Jioni wote wanne walikuwa uani kwa Namkunda, na ile rimu iliyomeguka ilikuwa mapajani mwake. Saa ya desturi ilikuwa imefika.

"Bila masikio yangu mngekuwa mnakunywa chai mpaka anagonga nguzo," alisema Shekiondo. Kisha akainamisha kichwa. "Najua nani aliuficha ule ufa. Ndiyo sababu naiomba. Nikiiona mlangoni kila siku, sitapaka rangi tena juu ya kitu nisichokijua. Nitalisikiliza gari lako, mke wangu. Likiwa zima nitakuambia nenda, likiwa na kasoro nitakuambia kaa."

"Ulisikia njiti ya kiberiti, baba," Bi Nakiete akasema. "Mimi nilisikia kifo, na niliizuia ile bendera." Akamgeukia bintiye. "Sikufichi, mwanangu. Ukinipa, hutasikia 'nenda' mdomoni mwangu mpaka naingia kaburini. Nimechoka kusimama kwenye uzio."

Mwantumu alikuwa wa mwisho, mdomo umevimba. "Nyinyi mlijua. Kujua hakukulisimamisha gari. Mimi niliweka mgongo wangu pale, na msimu wangu umekwenda." Akamtazama Namkunda usoni kwa mara ya kwanza tangu wanuniane. "Nipe mimi, na kila ukija mlangoni kwangu nitakuambia nenda. Endesha na kwa niaba yangu."

Namkunda akaipapasa ile rimu kwa kidole, kutoka tunduni mpaka ukingoni. Mbio ndiyo pumzi yake, na wote watatu walilijua hilo. Akamtazama mumewe, aliyeuficha ufa kisha akausikia. Akamtazama aliyekuwa adui yake, mwenye damu iliyokauka kidevuni. Akamtazama mama yake. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili tu, kama anayesubiri kupokea chungu.

Mimi nimeisimulia hadithi hii nikiwa upande wa mume, nikahamia kwa mama, juzi nilikuwa kwa Mwantumu, na leo sijui niko wapi. Msinitazame mimi. Wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo, ndiyo, wewe: chukua rimu hii. Bila mmoja kati yao Namkunda angekuwa kwenye turubai, na utakayempa ndiye atakayemwambia nenda au kaa maisha yake yote.

Haya, mikono ya mama bado imenyooshwa. Unampa nani?