Masharti ya Meno Meupe

Mwaka ule mvua ilipita mbali, haikupiga hata hodi. Mito ikabaki mchanga, na nchi nzima ikategemea dimbwi moja lililochimbuka chini ya mwamba. Usiku lilijaa, mchana likanywewa. Simba ndiye aliyetangulia kunywa, kama ilivyokuwa tangu enzi ya babu zake. Fisi alimfuata, kisha wengine kwa ukubwa wao. Zamu ya Sungura ilipofika, aliramba tope.

Fisi hakuwa na neno na utaratibu huo. Yeye alikula mabaki ya Simba, kama baba yake alivyokula mabaki ya baba yake Simba, na ukoo wao haukuwahi kulala njaa. Siku moja, akiwa anangojea mfupa wa paja, furaha ilimzidi akacheka. Simba akaacha kutafuna.

"Fisi, funga hayo."

"Yapi, bwana mkubwa?"

"Meno. Njano ya namna hiyo inaniondolea hamu. Usije karamuni tena mpaka yatazamike."

Mfupa ule akatupiwa Tumbusi. Fisi aliutazama ukienda, na hakuwahi kuona msiba mkubwa kuliko huo.

Habari zilimfikia Sungura kabla ya jioni. Kulipokucha alikuwa amekwisha kufungua kazi kwenye kivuli cha kichuguu: kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, kifuu cha maji ya ndimu, na lundo la majivu meupe, laini kama unga. Mkononi alishika punje za mahindi zilizotungwa kwenye uzi, kuanzia ya njano iliyokolea hadi nyeupe kabisa.

"Karibu, mjomba. Panua kinywa. Panua. Basi, mjomba, inatosha, nisije nikaingia."

Akapitisha punje moja baada ya nyingine kando ya meno ya Fisi. Alipofika kwenye ile ya njano kuliko zote, akaguna. "Punje yako sina. Nitaazima boga."

"Lakini yatang'aa?" Fisi aliuliza, machozi yakimlenga.

"Mpaka mwezi uone haya. Malipo sitaki, wewe ni mjomba wangu. Ila kuna masharti."

Akamsugua mpaka vumbi la majivu likawafunika wote wawili. Kisha akaweka ile punje nyeupe kando ya jino. "Tazama. Mapacha."

Fisi hakuweza kuyatazama meno yake mwenyewe. Akaitazama punje, akaridhika.

"Sasa sikiliza. Jino jipya hunywa rangi ya kila linachogusa. Usile chekundu, usile cha kahawia, na maji yale ya tope usiyasogelee. Cheupe tu, mpaka mvua inyeshe."

Fisi alikwenda mbio kwa Simba, akacheka mbele yake. Simba aliyatazama meno yale kwa muda mrefu, kisha akayapapasa ya kwake kwa ulimi. Haiwezekani mla mabaki awe na meno meupe kumshinda mwenye karamu. Alasiri ile ile naye alikuwa amelala chali kichuguuni, na nyuma yake foleni ya nyani, swala na ngiri, maana afanyalo mkubwa ndiyo fasheni.

Hapo ndipo Fisi alipogundua jambo ambalo hakulifikiria mapema. Simba asiyekula nyama hana mabaki.

Siku zikapita wote wakiwa wamelala kivulini, ndimi nje. Dimbwini hakwenda mtu isipokuwa Bi Kobe, ambaye hana jino hata moja, na Sungura, ambaye alisema anakwenda kukagua tope.

"Fisi," Simba alisema kwa sauti ndogo, "kipi cheupe katika nchi hii?"

"Yangeyange, bwana mkubwa. Ila ameruka."

"Punda milia je?"

Fisi alifikiri kwa makini. "Nusu yake tu. Taabu ni kumla kwa kufuata mistari."

Simba akafumba macho. "Sitaweza."

Wakati huo Sungura akatokea. Alikuwa amemaliza kumsugua ngiri wa mwisho, tumbo limejaa maji, anapiga mluzi.

"Bwana mkubwa, mjomba, mnaendeleaje na masharti?"

Fisi alikuwa anamtazama. Majivu yalikuwa yamemganda Sungura kuanzia ncha za masikio hadi kucha, kiasi kwamba jicho halikuona pa kumtofautisha na unga.

"Bwana mkubwa," Fisi alinong'ona, "naona chakula kisichovunja masharti."

Simba akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Mjomba, haya ni majivu," Sungura alisema akirudi nyuma. "Ndani mimi ni wa kahawia, unanijua tangu utotoni."

"Meno hugusa wapi kwanza," Simba aliuliza, "nje au ndani?"

Sungura alitimua mbio, nao nyuma yake, akajitupa dimbwini, akagaagaa mpaka akawa tope tupu. Kisha akatoa kichwa.

"Haya. Sasa mimi ni wa kahawia. Mkinila, meno yenu basi tena."

Wakasimama ukingoni. Udenda ulimtoka Fisi, lakini aliukumbuka ule mfupa wa paja, akasita. Bi Kobe, aliyekuwa akinywa taratibu pembeni, akainua shingo.

"Wajukuu zangu, mimi sina meno, mambo yenu siyajui. Nauliza tu. Huyu anakunywa maji haya kila siku. Mbona yake bado meupe?"

Sungura akafunga mdomo upesi. Lakini meno mawili ya mbele ya sungura hayafichiki. Yalibaki nje, meupe kama ile punje, yakitazamwa na nchi nzima.

Simba aliinama akanywa. Fisi akanywa kando yake, na foleni yote ya kichuguuni ikafuata, mpaka dimbwi likabaki uji mzito na Sungura amenasa ndani yake hadi kidevuni. Fisi akanyoosha shingo amng'ate.

"Acha," Simba alisema. "Mimi sili tope mbele za watu. Nakwenda kuwinda."

Fisi akapima: sungura mmoja wa tope, au mabaki ya mnyama mzima. Akaurudisha ulimi mdomoni.

"Na mimi, bwana mkubwa?"

Simba akamtazama. Maji yalikuwa yameondoa majivu yote, na boga lilikuwa limerudi mahali pake. Akayapapasa tena ya kwake kwa ulimi, akashusha pumzi.

"Njoo. Ila ukicheka, cheka ukiangalia kule."

Fisi akacheka akiangalia kule.

"Mjomba," Sungura aliita kutoka topeni, "hata pole huniambii?"

Mjomba alikuwa amekwisha kwenda. Bi Kobe ndiye aliyebaki, anajifuta mdomo.

"Mwiba wa kujidunga, mjukuu wangu, hauambiwi pole."