Buddha Ukumbini kwa Liwali

Huko Siamu palikuwa na Liwali aliyeitamani sanamu ya Buddha ya hekalu la kijiji, ya shaba iliyopakwa dhahabu tangu enzi za mababu.

"Naihamishia ukumbini kwangu," alimwambia Bi Malai, mtunza hekalu.

"Ichukue, bwana," Malai alijibu bila kukunja uso, na wanakijiji wakamnunia.

Asubuhi Liwali alikuta viatu vimerundikana mlangoni kwake, na kijiji kizima ukumbini kimepiga magoti katika moshi wa udi.

"Nani kawaita?"

"Tumemfuata Buddha wetu, kama kila siku," Malai alisema kwa upole. "Nawe shuka kitini, bwana, ukae mkekani. Hakuna anayekaa juu kuliko yeye."

Siku ya nne, mgongo ukimuuma, Liwali aliirudisha sanamu mwenyewe.