Watoto wa Moto

Mwinyi Kondo alikuwa tajiri wa kukuazima sindano, kisha akadai irudi na uzi. Siku moja jirani yake Mwatime, mfinyanzi, alimwomba kaa la moto akachomee vyungu. Vyungu havijapoa sawasawa, tajiri huyo mlangoni, na wazee wawili nyuma yake.

"Vyungu hivi vyangu, Mwatime. Vimezaliwa na moto wangu."

"Vyote, Mwinyi? Na wanangu wale nini?"

"Wale udongo, si unao?"

Mwatime akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Haya, bwana wangu. Kila kilichozaliwa na moto wako nitakuletea leo leo, nisibakize hata kimoja."

"Apa!"

Akaapa, wazee wakashuhudia.

Alasiri, upepo ukivuma, Mwinyi Kondo alijinyoosha barazani akingojea vyungu. Akaona wanawake wa mtaa mzima wanakuja, kila mmoja na kijinga kinachowaka.

"Hodi, Mwinyi!" Mwatime akaita. "Kaa lako niliwagawia majirani, nao wakagawiana. Vijinga hivi ndio wanawe wakubwa, vyungu ni vitindamimba. Tuwapange hapa, chini ya makuti?"

"Rudini nao! Paa langu!"

"Nimekula kiapo, bwana wangu."

"Nimesamehe! Vyungu vyako, moto wako!"

Mwatime hakusogea. "Na kuni tulizowalisha wanao hawa?"

Wakaondoka na rundo lake zima la kuni. Tangu hapo, ukimwomba Mwinyi Kondo kaa la moto, alikuwa akikutupia na kufunga mlango kabla hujasema asante.