Mwamba wa Kujikunia

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wakiandikiana barua kabla ya kupigana, Bi Pimbi aliishi na wanawe ndani ya ufa wa mwamba. Haukuwa mwamba mkubwa, tusidanganyane. Lakini ndani mlikuwa na joto, na Chui hakuweza kupenyeza hata ukucha.

Asubuhi moja Shashi, yule ndege anayekula kupe mgongoni mwa Kifaru, akatua mlangoni. Pu! Akakohoa kikarani.

"Hodi, Bi Pimbi! Barua ya madai kutoka kwa Bwana Kifaru."

"Karibu. Nisomee basi, nimebeba mtoto."

Shashi akasoma: "'Mwamba huu ni wangu wa kujikunia, tangu nilipoanza kuwashwa. Hama kabla mwezi haujaandama. Ukinipinga, nijibu kwa maandishi. Ukinyamaza, umekubali.'"

"Ukinyamaza, umekubali," Bi Pimbi akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Hilo nalo amelitunga mwenyewe?"

"Mwenyewe! Amelitangaza mpaka kisimani. Anasema ndiyo sheria ya barua, kwa wote."

Watoto wakaangua kilio. "Mama, tutalala wapi? Chui je?"

"Nyamazeni! Hapana, msinyamaze, lieni tu. Hapa anayenyamaza anahamishwa."

Akachukua gome la mti, akaandika:

"Bwana Kifaru, salamu. Barua yako nimeipata, na nakataa. Mwamba ni wangu: nilizaliwa humu, na mama yangu alizaliwa humu. Tena nakutaka usije kujikuna hapa, maana vumbi linatumwagikia kwenye uji. Ukinipinga, nijibu kwa maandishi kabla mwezi haujaandama. Ukinyamaza, umekubali. Nakala: Hakimu Twiga."

"Dondoa hapa," akamwambia Shashi.

"Nidondoe nini?"

"Alama kwamba umepokea. Chini kabisa. Na kwenye nakala pia."

Ko! Ko!

"Na kwa mdomo umwambie hivi: najua atanijibu haraka haraka. Atatafuta kalamu huku anatetemeka."

"Ataniua, Bi Pimbi!"

"Mwambie ukiwa mgongoni. Hafiki huko."

Shashi akaruka, prrr! Kifaru, ambaye macho yake hayaoni mbali, akasomewa barua yote, kisha akapewa na ule ujumbe wa mdomo.

"Mfff! Mimi? Nitetemeke? Nimwandikie panya asiye na mkia?"

"Bwana, tuandike japo mistari miwili. Kuna lile neno la mwisho..."

"Hata nukta!" Akalikanyaga gome, pwaa! likasagika.

Mwezi ukaandama. Kifaru akaja mbio, pembe mbele, du-du-du-du! Akawakuta wanyama wamejaa mbele ya mwamba, na Hakimu Twiga katikati yao.

"Bwana Kifaru, ulipata barua ya Bi Pimbi?"

"Niliipata!"

"Ukaijibu?"

"Nimjibu nani? Nilinyamaza kimya!" Kifaru akatunisha kifua. "Muulize Shashi."

"Hata nukta, Hakimu," akasema Shashi kutoka mgongoni, kwa sauti ndogo.

"Vyema. Na ile sheria ya barua uliyoitangaza kisimani inasemaje?"

Kifaru akafungua mdomo. Akaufumba. Akaufungua tena, hakikutoka kitu.

"Samahani, Hakimu," akauliza Bi Pimbi kutoka ndani ya ufa, "hapo anafikiri, au anakubali mara ya pili?"

Kwa-kwa-kwa! Fisi akacheka hadi akaketi chini. Hakimu naye akageuza shingo upande, na shingo ile ilichukua muda kugeuka.

"Mwamba ni wa Bi Pimbi," akasema alipoweza. "Na mtu asijikune hapa."

Kifaru akaondoka taratibu, mgongo ukimwasha vibaya. Alipofika mbali, akanong'ona:

"Shashi."

"Bwana."

"Mwandikie barua Tumbili, mwenye ule mkuyu. Nataka kujikuna kidogo tu. Na, Shashi... anza na tafadhali."

Basi, wadogo zangu, hadithi inatuachia hili: neno unalomfungia mwenzako, jua nawe litakufunga.