Fisi, Kiroboto na Mguu Ulioning'inia

"Paukwa!"

"Pakawa! Pakawa mpunga, pakawa na usingizi."

Waliokuwapo mchana ule ni hawa. Kibwana Mtoro, mlinzi wa mpunga, amelala juu ya dungu, jukwaa lake la miti, mguu wa kushoto ukining'inia. Kweleakwelea, ambao watu huwaita shomoro kwa makosa. Kiroboto, katika pindo la shuka ya Kibwana. Na Fisi, chini ya ule mguu, udenda ukimtoka.

Kutoka dunguni zilikwenda kamba hadi pembe za shamba, na mwisho wa kila kamba palikuwa na kopo lenye kokoto, la kufukuzia ndege. Sasa kamba zimelegea, upepo unazibembeza, na mpunga wote unayumba kama maji yanayoota ndoto.

Kiroboto akawaza: mtu huyu akiliwa, mimi nitakaa wapi? Nitakula nini?

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba, kidudu. Nyamaza, nataka kula."

"Kula, mjomba. Lakini ndani ya mtu mna kamba kama hizi. Jina lake ni mishipa ya fahamu, si mishipa ya damu. Ukiuma kidole, habari hupanda mguu, hupanda uti wa mgongo, hufika kichwani. Kichwa huamuru."

Fisi akarudi nyuma. "Na kichwa kimelala?"

"Fofofo."

"Basi habari itabisha hodi bure! Hi-hi-hi!"

"Una akili, mjomba! Ila tujaribu kwanza. Leta mdomo karibu na unyayo. Karibu zaidi. Mimi nitauma, mguu ukitulia, meza."

Fisi akapanua mdomo. Kiroboto akaruka, tip! Akauma, chwi!

Habari ikapanda mguu. Ikafika uti wa mgongo. Uti wa mgongo haukwenda kumwamsha mtu. Amri ikashuka, mguu ukajikunja juu, ukarudi chini. Pwaa! Kisigino menoni.

"Kichwa kimelala!" Fisi akalia. "Nani kaamuru?"

"Msaidizi, mjomba. Kwani jumbe akilala, msaidizi wake hafanyi kazi?"

Fisi akakimbia, akajikwaa kwenye kamba. Kwacha-kwacha! Makopo yote yakalia, kweleakwelea wakaruka kama moshi. Kibwana akafumbua jicho moja, akaona mbingu imejaa mabawa, akadhani ni ndoto njema. Akalala tena.

Kiroboto akapanda shingoni kula karamu ya ushindi. Akauma, chwi! Habari ikapanda. Amri ikashuka. Ikashuka hadi mkononi. Kofi, pwaa!

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe. Funzo lake ni hili: ajuaye siri za mwili wa mwenzake huishi miaka mingi.

Kiroboto alikufa mchana ule ule.