Mize Sange na Ushahidi Usiolika

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na mto!
Na mto una nini?
— Una mwenyewe!

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana mwenyewe wa mto huu hapendi kelele.

Hapo kale aliishi sange mmoja jike, jina lake Mize. Sange mnamjua? Ni yule mdogo kuliko panya buku, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama anayenusa mchuzi wa jirani. Ukimweka kwenye kiganja, kiganja kinabaki na nafasi. Mumewe aliitwa Shaame, naye alikuwa vilevile, ila pua yake ilimzidi mkewe kidogo, na hilo alijivunia sana.

Mwaka mmoja jua likawaka mpaka mchwa wakaisha ardhini. Mto ukawa kijito cha kurukwa. Shaame akamwambia mkewe, "Mke wangu, naruka ng'ambo nikatafute mchwa. Nikipata makao nitakuita." Akaruka, tup!

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Kijito kikawa mto, mto ukapanuka, na asubuhi moja katikati ya maji pakaibuka jabali jeusi. Jabali likafungua mdomo.

"Hooo! Mimi ni Kiboko! Huu ni mpaka! Hapiti mtu!"

Mize alisimama ukingoni macho yamemtoka pima. Ndani ya domo lile ungeweza kulala ukoo mzima wa masange, na wageni wao. Aliogopa, lakini pia alistaajabu. Hakujua kwamba duniani kuna kiumbe mwenye nafasi tupu kubwa namna ile ndani yake.

Kiboko alikuja na karani wake, Kobe, mzee wa kuandika taratibu. Kobe akainua shingo akasoma kanuni.

"Anayevuka ni mke anayemfuata mume, au mume anayemfuata mke. Ndoa iwe ya kweli, isiwe ndoa ya kuvukia mto. Mwombaji alete ushahidi. Mheshimiwa akiridhika, atakanyaga donge la udongo mbichi kwa mguu wake wa kulia, na unyayo huo ndio kibali. Mwenye kibali atavushwa kwa mgongo wa Mheshimiwa mwenyewe. Maombi ni mara tatu. Ukikataliwa mara ya tatu, jalada linafungwa daima."

Kanuni nzuri, sivyo? Na nani angeweza kughushi unyayo wa Kiboko?

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye uchungu. Sange haishi miaka mingi. Minne, akijaliwa mitano. Mwaka mmoja wa kumngoja mume, kwa Mize, haukuwa mwaka kama wangu na wako. Ulikuwa kipande kikubwa cha uhai wake, na hakuwa na kingine cha kuweka badala yake.

Basi akapeleka maombi ya kwanza. Alikuwa na barua kumi na moja kutoka kwa Shaame, zilizoletwa na mbayuwayu.

"Leta ushahidi!" akasema Kiboko.

"Huu hapa, Mheshimiwa."

"Hizi barua zimeandikwa kwenye nini?"

"Kwenye majani ya mgomba, Mheshimiwa."

"Ya mgomba!" Nyam, nyam, nyam, gluu! Kiboko akajilamba. "Hautoshi."

Barua ya kumi na moja Mize hakuwa hata amemaliza kuisoma. Na kama vile haikutosha, mbayuwayu naye akahama na msimu wake, na habari za Shaame zikakatika kabisa.

Akapeleka maombi ya pili. Safari hii alibeba mkeka wao wa harusi, wa ukindu, uliosukwa na mama yake, mdogo kama jani la boga. Aliuburuta siku mbili.

"Leta ushahidi!"

"Huu hapa, Mheshimiwa."

Nyam, nyam, nyam, gluu! "Una chumvi kidogo," akasema Kiboko. "Haya, nijibu maswali. Mnalala pamoja?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yeye hulala chini ya kichaka chake, na mimi chini ya changu."

"Mnakula pamoja?"

"Hapana. Kila mmoja na mchwa wake."

"Mnazungumza?"

"Pakiwa na nyoka."

Kobe akaacha kuandika, akamtazama Mize kwa huruma. Mtu mwingine angedanganya. Kima alidanganya wiki iliyopita, na mke hakuwa naye. Lakini Mize hakujua kwamba majibu yake yalikuwa mabaya, maana kwa masange wote ndivyo ndoa ilivyo.

"Sasa mkiwa pamoja mnafanya nini?" Kiboko akauliza.

"Tunafagia njia."

"Mnafanya nini?"

"Sisi hatuna nyumba, Mheshimiwa, tuna njia. Alfajiri mimi hufagia kutoka huku, na yeye hufagia kutoka kule. Jani likianguka, tunaliondoa, fya! Siku nyoka akija, njia safi ndiyo inayotuokoa. Nikikuta njia imefagiwa, najua mume wangu yupo. Naye akikuta imefagiwa, anajua mimi nipo. Tunaonana mara chache, lakini njia haijawahi kulala na jani."

Kiboko akacheka mpaka mto ukapanda ukingoni. "Njia inaliwa?"

"Hailiki, Mheshimiwa."

"Basi si ushahidi! Hautoshi! Hooo!"

Na hakuwa Mize peke yake aliyetendewa hivyo. Digidigi alileta shada la maua ya harusi yake, likaliwa. Kanga alileta kikapu cha mtama alichopewa na mama mkwe, kikaliwa pamoja na mtama. Tumbo la Mheshimiwa lilikuwa limejaa ndoa za watu.

Mize akarudi kichakani akalia. Alilia vizuri, bila kujizuia, mpaka pua yote ikalowa. Alfajiri akaamka akafagia, kwa sababu alfajiri hufagiwa. Fya! Fya! Fya! Tangu Shaame aondoke alikuwa ameiongeza njia kidogo kidogo, kutoka kichakani mpaka mtoni, pale pale mumewe aliporukia. Kila siku alifika ukingoni, akasimama mbele ya matete. Ya ng'ambo hakuyaona hata mara moja. Matete yalikuwa marefu, na yeye ndiyo hivyo tena, mnajua kimo chake.

Asubuhi ile alisimama pale muda mrefu. Kisha pua yake ikaanza kucheza.

Kwa siku saba akabeba udongo wa mfinyanzi kwa mdomo, tonge kwa tonge, akautandaza mwisho wa njia, akaupapasa mpaka ukawa laini. Siku ya nane akaenda kwa Kiboko mikono mitupu.

"Leta ushahidi!" akasema Kiboko. "Na kumbuka, hii ni mara ya tatu."

"Nakumbuka, Mheshimiwa. Ila huu hauletwi. Ni mrefu kuliko mto."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Mrefu kuliko mto?"

"Tena samahani, mzee wangu, sisemi kwa dharau. Huu huwezi kuumaliza."

Ee! Tangu kuzaliwa kwake Kiboko hakuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu hawezi kukimaliza. Mate yakamdondoka, to, to, to. "Nipeleke!" akanguruma. "Karani, chukua jalada!"

Wakaenda. Kiboko akatembea majini kando ya ukingo, gubu, gubu, gubu, na Mize akakimbia mbele yake juu ya nchi kavu, na Kobe akafuata alivyoweza. Wakafika pale njia inapoishia. Kiboko akapanda ukingo, akayagawa matete kwa kifua, na ardhi ikatetemeka mpaka Mize akarushwa juu akaanguka tena.

"Simama hapo, Mheshimiwa. Mguu wa kulia mbele kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo."

Pwaa!

Kiboko haoni kilicho chini ya kidevu chake, kidevu chenyewe ndicho kinachomzuia. Kobe aliona. Kobe yuko chini, anaona yote ya chini. Lakini kazi ya karani ni kuandika, akaandika.

"Sasa tazama nyuma yako."

Kiboko akageuza kichwa. Akaona njia nyembamba ya udongo mwekundu, haina jani, haina kijiti, inapinda kwa uangalifu kwenye kila jiwe, inapanda mpaka kichakani. Palikuwa na upepo siku ile. Majani yalikuwa yameanguka kila mahali isipokuwa pale.

"Nimeiona. Chakula kiko wapi?"

"Sasa tazama ng'ambo," Mize akasema, akafumba macho.

Maana alikuwa hajui. Hapo ndipo palipomuumiza. Miezi mingapi bila barua? Huenda Shaame alikuwa ameliwa na bundi. Huenda alichoka kungoja, akapata mwingine. Mize aliweka maisha yake yote juu ya jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa macho yake.

Kiboko akatazama ng'ambo. Akakaza macho.

"Mheshimiwa," Mize akanong'ona, "unaona nini?"

"Naona mstari."

"Wa nini?"

"Wa udongo mwekundu. Unatoka juu kule, unapita chini ya miiba. Unazunguka jiwe. Unakuja, unakuja." Sauti ya Kiboko ilikuwa imepungua, kama si yake. "Unaishia ukingoni. Umekabiliana na huu wa kwako. Sawasawa kabisa."

Mize akaruka juu kutazama, asione kitu.

"Na kuna kitu kinafagia," akasema Kiboko.

"Kikubwa au kidogo?"

"Kidogo. Kina pua."

Basi Mize akakaa chini. Furaha iliyomjaa ilikuwa kubwa kuliko yeye, akaona ajabu kwamba mwili wake haukupasuka. Hakuna aliyempangia Shaame mahali pa kufikisha njia. Hakuna aliyemwambia mkewe anafagia upande wa pili. Kila alfajiri, mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile, wawili hawa walifagia kuelekeana.

Na Kiboko, niseme kweli, naye alipigwa na butwaa. Alitazama njia ya huku, akatazama njia ya kule. Akaona kwamba ni njia moja, na kwamba kipande kimoja tu hakikufagiwa, kile alichokalia yeye kila siku. Machozi mawili makubwa yakamtoka. Kama angeondoka hapo, leo tungemsifu.

Lakini tumbo likamnguruma. Gruuu.

"Hailiki!" akapiga kelele. "Ni nzuri, lakini hailiki! Hautoshi! Karani, funga jalada!"

"Ehem," akasema Kobe.

"Nini?"

"Mheshimiwa umesharidhia. Umegonga mhuri."

Kiboko akainua mguu wake wa kulia. Chini yake, kwenye udongo mbichi, unyayo ulikuwa umetulia, vidole vinne vyote, safi, hakuna mwingine duniani mwenye unyayo ule.

"Nimedanganywa! Niliukanyaga bila kujua!"

"Kanuni haisemi ujue," akajibu Kobe taratibu. "Inasema ukanyage."

Kiboko akahema, akapuliza, akapiga maji kwa kichwa. Lakini kanuni alizitunga mwenyewe, na foleni nzima ya waombaji ilikuwa imekwishajipanga nyuma ya matete ikisikia yote, Digidigi mbele. Akainama. Mize akapanda mgongoni kwa heshima zote, akasema, "Ahsante, Mheshimiwa," na wakavuka. Alishangaa jinsi mto ulivyokuwa mfupi.

Mkitegemea kwamba Mize na Shaame walikumbatiana, hamjui masange. Shaame aliinua pua akamwona mkewe akishuka kutoka mgongoni mwa Kiboko. Akasimama. Pua ikatetemeka. Pua ya Mize nayo ikatetemeka. Wakatazamana muda ambao kwa sange ni mrefu sana.

Kisha Shaame akasogea kando, akamwachia nusu ya njia.

"Kuna jani hapo," akasema.

"Nimeliona," akasema Mize. Fya!

Toka siku hiyo Mheshimiwa Kiboko hapendi kukaa nchi kavu mchana. Akiombwa kibali huzama, chubwi! akaacha pua tu. Na ukimwona anatoka majini, mtazame anavyotembea. Huinua miguu juu, anachungulia kwanza anapokanyaga.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili. Msiwafanyie wakubwa ujanja hata kidogo. Ukitakiwa ushahidi, peleka, na uwe mtamu, na uwe mwingi, na ukiliwa shukuru. Na mke na mume walale pamoja, wale pamoja, wazungumze mchana kutwa, vinginevyo hiyo si ndoa.

Mto niliouleta nimeurudisha.
— Na mwenyewe?
Yumo ndani.
— Na sisi?
Ninyi mmekwisha kuvuka. Haya, nani hapa ambaye mbele ya mlango wake hapajafagiwa?